Kodi ya mali inayohamishika ya biashara jimboni Texas: mwongozo kamili kwa mwenye duka, saluni, mgahawa au lori

Aliyezoea kodi ya majengo ya Tanzania inayokatwa kupitia LUKU, au kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti kule Kenya, hushangaa sana akifungua biashara Houston au Dallas. Hana jengo, hana kiwanja, amepanga fremu tu. Ikifika Januari au Februari anapokea bahasha inayomtaka aorodheshe vikaangio, viti vya saluni, rafu, kompyuta, mpaka maboksi ya nywele za kusukia yaliyo stoo. Wengi hudhani ni utapeli na kuitupa. Ni barua halali, na kuipuuza kuna gharama.

Hii ni kodi ya mali inayohamishika ya biashara. Haihusiani na kodi ya mauzo unayokusanya kwa mteja, wala kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani. Haiulizi umepata faida kiasi gani. Hata ukipata hasara mwaka mzima unaweza kudaiwa. Inauliza mambo matatu tu: tarehe 1 Januari ulikuwa na vitu gani vya kuzalishia kipato, vilikuwa wapi, na siku hiyo vingeuzika kwa bei gani.

Kila jimbo lina utaratibu wake. Ohio, Minnesota, Illinois, New York na Pennsylvania hazitozi kodi hii kwa vifaa vya kawaida vya biashara, na Wisconsin iliiacha kuanzia 2024. Kentucky, wanakoishi Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, inaitoza: hesabu ni ya Januari 1, fomu ni 62A500, na mwisho wa kuirudisha ni Mei 15. Kuanzia hapa tunazungumzia Texas peke yake. Usichukue tarehe za hapa ukazitumie Louisville, Kentucky.

Nani anafanya nini

Kuna ofisi za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu muda.

Ya kwanza ni wilaya ya uthamini ya kaunti. Kwenye barua utaona herufi kama HCAD ukiwa Kaunti ya Harris (Houston), DCAD ukiwa Dallas, TAD ukiwa Tarrant (Fort Worth), TCAD ukiwa Travis (Austin). Hawa ndio wanaopokea tamko lako la mali na kukadiria thamani. Hawapokei pesa.

Ya pili ni vyombo vinavyotoza: wilaya ya shule, kaunti, jiji, na mara nyingi wilaya ya hospitali na chuo cha jamii. Kila kimoja hupanga kiwango chake kwa kila dola 100 za thamani. Kiwango cha wilaya ya shule kwa kawaida ndicho kikubwa kuliko vyote. Serikali ya jimbo yenyewe haitozi kodi ya mali.

Ya tatu ni mkusanya kodi wa kaunti, anayetuma bili na kupokea malipo. Ukisimama dirishani kwake mwezi Januari kulalamika kwamba friza lako limethaminiwa kupita kiasi, hawezi kukusaidia hata akitaka. Mlango wa kubishania thamani ulikuwa kwa wilaya ya uthamini, na ulikuwa wazi mwezi Mei.

Msamaha wa dola 125,000

Hapa ndipo mambo yalipobadilika kwa wafanyabiashara wadogo, na maelezo mengi yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ya zamani.

Mpaka mwaka wa kodi 2025, mali ya biashara yenye thamani isiyofika dola 2,500 ilisamehewa. Ikifika hapo, ilitozwa yote kuanzia dola ya kwanza. Novemba 2025 wapiga kura wa Texas walipitisha badiliko la katiba, na kuanzia Januari 1, 2026 msamaha ni dola 125,000. Huu wa sasa unatolewa kama punguzo: ukizidi kiwango, unatozwa kile kilichozidi tu.

Tuchukue mgahawa wenye vifaa na bidhaa za dola 180,000, na jumla ya viwango vya vyombo vyote iwe dola 2.20 kwa kila 100. Unatoa 125,000, zinabaki 55,000. Kodi ni dola 1,210. Kwa utaratibu wa zamani ingekuwa 3,960. Saluni ya kusuka yenye viti, vikaushio na bidhaa za dola 40,000 haitadaiwa chochote.

Msamaha unahesabiwa kwa kila mahali biashara ilipo. Mwenye maduka mawili sehemu mbili tofauti, kila moja lina mali ya dola 90,000, anasamehewa kote kote. Mwenye mali ya dola 180,000 chini ya paa moja analipa kwa 55,000. Usifikirie kusajili kampuni mbili ndani ya fremu hiyo hiyo ili upate msamaha mara mbili. Sheria inazitazama kampuni zenye uhusiano, zinazofanya biashara ya pamoja kwenye anwani moja, na kujumlisha mali zake.

Msamaha huu hauombwi kwa fomu ya maombi. Hata hivyo, ukiwa chini ya kiwango, usikae kimya. Rudisha fomu ya tamko na uthibitishe kwamba, kwa uelewa wako, mali yako haizidi kiwango cha msamaha. Ukinyamaza, mthamini atakisia mwenyewe akitazama ukubwa wa fremu na aina ya biashara, na kisio lake linaweza kupita 125,000.

Ukiwa na deni la 2025 au kabla ya hapo, msamaha mpya haulifuti. Linabaki chini ya sheria ya mwaka wake.

Hatua ya kwanza: orodha ya Januari 1

Kazi kubwa ya kodi hii haifanyiki Aprili mbele ya fomu. Inafanyika usiku wa Desemba 31 au asubuhi inayofuata, ukiwa umeshika simu na daftari. Piga picha kila chumba. Hesabu bidhaa. Andika tarehe. Ukisubiri Aprili utahesabu mzigo ulioingia Machi, nao haukuhusika.

Gawanya orodha mafungu haya:

- Bidhaa za kuuza: kila aina na makadirio ya wingi wake.
- Vifaa vya matumizi: mifuko, vyombo vya kufungia chakula, sabuni, karatasi, taulo, dawa za saluni zisizouzwa kwa wateja.
- Samani na mashine: meza, viti, rafu, friza, majiko, vikaangio, cherehani, lifti za gereji, kompyuta, printa, kamera, mashine ya kadi kama ni yako.
- Magari, malori na trela za biashara.
- Vitu vilivyo kwako lakini si mali yako: mashine ya kukodi, friji la vinywaji lililoletwa na msambazaji, nguo ulizowekewa na mtu umuuzie.

Kwa kila kifaa andika mwaka ulipokinunua, bei uliyolipa na hali yake. Kama ulinunua kikiwa kimetumika, andika hivyo waziwazi, maana hicho ndicho kinachoshusha thamani.

Fungu la mwisho lisirukwe. Mwenye kitu ndiye mwenye kodi, lakini kitu kikionekana dukani kwako bila maelezo, mthamini atakiandika kwa jina lako. Taja jina na anwani ya mwenye nacho. Kisha soma mkataba wa kukodi, kwani mikataba mingi ya mashine humruhusu mwenye mashine kukurudishia kodi hiyo ndani ya bili yake. Ukiitangaza wewe kama yako, utailipa mara mbili.

Visivyoingia kwenye orodha: pesa benki, madeni unayodai wateja, jina la biashara, leseni, na vitu vya nyumbani visivyotumika kuzalisha kipato. Ukipika keki nyumbani kwa biashara, oveni ya biashara inaingia. Kitanda na televisheni ya familia haviingii. Kuta, vigae, dari na mabomba uliyojenga kwenye fremu ya kupanga kwa kawaida huhesabiwa kama sehemu ya jengo na kumwangukia mwenye nyumba. Usizitie kwenye gharama za vifaa kwa sababu tu fundi alikuandikia risiti moja ya vyote.

Hapa pana kosa linalojirudia sana. Wapangaji wengi wana mkataba unaowafanya walipe sehemu ya kodi ya jengo, bima na matengenezo juu ya pango. Wakiona barua ya wilaya ya uthamini wanasema, "Kodi ya mali nimeshalipa kwa mwenye nyumba." Ile ni ya jengo, hii ni ya vitu vilivyo ndani yake. Zina akaunti mbili na bili mbili.

Hatua ya pili: kupata thamani

Fomu inakupa njia mbili kwa kila kitu. Unaweza kuandika makadirio yako ya kweli ya bei ya soko, au uandike bei uliyonunulia na mwaka, kisha wilaya itumie jedwali lake la uchakavu.

Njia ya bei na mwaka ni nyepesi na haina ubishi. Ubaya wake ni kwamba majedwali hayashuki haraka kama soko linavyoshuka kwa baadhi ya vifaa, na huwa hayafiki sifuri hata kifaa kikizeeka. Chukua chumba cha baridi ulichonunua kipya kwa dola 12,000. Tuseme jedwali linakipa asilimia 45 ya bei yake: wataandika 5,400. Lakini vifaa vya mgahawa vikitolewa na kuuzwa mnadani huporomoka vibaya, na kama hicho kinauzwa 2,500 kwa wauza vifaa chakavu, hiyo ndiyo bei ya soko. Hapo andika makadirio yako na uhifadhi matangazo matatu au manne ya vifaa kama hicho, yenye tarehe karibu na Januari 1. Mthamini anaweza kukuandikia akitaka maelezo ya ulivyofikia takwimu zako, na una siku 21 tangu upokee ombi hilo kumjibu.

Kwa kompyuta na simu, jedwali kwa kawaida hushuka haraka vya kutosha. Hakuna haja ya kuhangaika. Nguvu zako ziweke kwenye vifaa vikubwa vya jikoni, mashine za gereji na samani.

Mambo mawili huharibu hesabu.

La kwanza ni kuchukua orodha ya mhasibu ya uchakavu wa kodi ya mapato na kuihamisha ilivyo. Sheria za kodi ya mapato zinaweza kukuruhusu kukata gharama yote ya mashine mwaka ulipoinunua, hivyo kwenye vitabu inasomeka sifuri. Kwa wilaya ya uthamini mashine hiyo bado ina bei. Ukiandika sifuri, wataikataa na kukisia wenyewe.

La pili ni kinyume chake: vitu mfu. Orodha ya vitabu mara nyingi bado ina friza lililokufa 2022, kompyuta iliyoibwa na viti vilivyotupwa ulipohama. Vyote vinatozwa kwa sababu hakuna aliyevifuta. Pitia orodha mstari kwa mstari ukiwa umesimama mbele ya kitu chenyewe. Kisichoonekana, kifute, na uweke ushahidi: picha ya kutupwa, ripoti ya polisi, risiti ya kuuza.

Bidhaa za kuuza zina kanuni yake. Thamani yake ni bei ambayo mtu angezinunua zote kwa mkupuo ili aendeleze biashara hiyo hiyo. Kwa hiyo usiandike bei iliyobandikwa kwenye rafu. Anza na gharama uliyonunulia, kisha tenga zilizokaribia kuisha muda, zilizochakaa na zisizotoka. Duka la vyakula lenye bidhaa za gharama ya 60,000, ambamo za 15,000 ni unga, viungo na vipodozi vinavyokaribia tarehe ya mwisho, halina bidhaa za 60,000.

Kama stoo yako hufurika Desemba na kupungua Septemba, sheria inakuruhusu kuchagua bidhaa zihesabiwe kwa thamani ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Ombi linatakiwa liwe limefika ifikapo Julai 31 ya mwaka huo uliotangulia. Likishakubaliwa huendelea miaka inayofuata, kwa hiyo hakikisha mzunguko wako hauji kugeuka. Wauza magari hawatumii njia hii, kwani wana mfumo wao wa tamko la mwaka na taarifa ya mauzo ya kila mwezi.

Hatua ya tatu: kujaza fomu 50-144

Fomu ya Texas ni 50-144. Kwenye barua utasoma neno "Rendition", namba ya akaunti na, kwa kaunti nyingi, namba ya kujazia mtandaoni. Mwisho wa kawaida ni Aprili 15. Ikiwa fomu uliyotumiwa imeandika tarehe nyingine, fuata hiyo. Ukiandika ombi kabla ya siku hiyo unapewa mpaka Mei 15. Baada ya hapo mthamini anaweza kukuongezea siku 15 ukiwa na sababu ya msingi.

Usipoletewa fomu, wajibu haukuondoki. Ipakue kwenye tovuti ya wilaya yako. Ofisi hizi huzijua biashara mpya kupitia vibali vya kodi ya mauzo, majina ya biashara yaliyosajiliwa kaunti, na maofisa wanaopita mitaani wakisoma mabango.

Jaza hivi:

1. Namba ya akaunti, jina kamili la mwenye mali na anwani ya posta unayoifungua kweli. Ukihama bila kuwaambia, notisi na bili zitaenda kwenye fremu ya zamani, na kutopokea bili hakukusamehe adhabu.
2. Mahali mali ilipo Januari 1. Kila eneo liwe na tamko lake.
3. Aina ya biashara, na tarehe ulipoanza kwenye eneo hilo.
4. Kama hauzidi kiwango cha msamaha, sehemu ya kuthibitisha hivyo.
5. Majedwali: bidhaa, vifaa vya matumizi, samani na mashine kwa mwaka wa ununuzi, magari, na mali ya watu wengine.
6. Sahihi. Mwenye biashara au mfanyakazi wake anasaini bila kiapo. Mhasibu wa nje akisaini kwa niaba yako, lazima aape mbele ya mthibitishaji wa viapo. Na ili akuwakilishe mbele ya wilaya, unamteua kwa fomu 50-162.

Hifadhi nakala na ushahidi wa kutuma: ujumbe wa kupokelewa mtandaoni, au risiti ya posta yenye tarehe.

Kuchelewa au kutorudisha tamko unalotakiwa kurudisha ni adhabu ya asilimia 10 ya kodi ya mwaka huo. Kudanganya kwa makusudi ni asilimia 50. Ukiwa na sababu nzuri ya kuchelewa, omba kwa maandishi uondolewe adhabu ndani ya siku 30 tangu upokee notisi yake, ukiambatisha uthibitisho kwamba ulijitahidi.

Wenye malori, teksi na wasafirisha mizigo

Lori linalovuka majimbo halistahili kutozwa lote Texas. Sheria inaruhusu thamani igawanywe kulingana na matumizi ndani ya jimbo, na kipimo kinachotumika sana ni maili. Kampuni yenye malori matano ya jumla ya dola 400,000, iliyoendesha asilimia 30 ya maili zake ndani ya Texas, inastahili kuhesabiwa dola 120,000. Ushahidi unao tayari: ripoti zako za robo mwaka za IFTA (mkataba wa kodi ya mafuta kwa malori yanayovuka majimbo) zinaonyesha maili za kila jimbo. Mgao hauji wenyewe. Unauomba wewe mwenyewe, na usipoomba unahesabiwa thamani nzima. Wenye malori wengi hupoteza pesa hapa kuliko mahali pengine popote.

Mtu binafsi mwenye gari dogo au pikapu moja kwa jina lake mwenyewe, analolitumia kwa kazi na kwa shughuli za familia, anaweza kuombea gari hilo msamaha wake kwa fomu 50-759, kabla ya Mei 1. Msamaha huo hauhusu gari la kubeba abiria kwa malipo, wala gari lililosajiliwa kwa jina la kampuni.

Wanaokusanya mizigo Houston kupeleka Mombasa au Dar es Salaam waulize msamaha unaoitwa Freeport. Unahusu bidhaa zinazotoka Texas ndani ya siku 175 tangu zilipoingia jimboni au kununuliwa humo. Si kila jiji au wilaya ya shule inautoa, hivyo unaweza kusamehewa na chombo kimoja na kutozwa na kingine kwa maboksi yale yale. Maombi ni kabla ya Mei 1, kila mwaka. Bila kumbukumbu za tarehe ya kuingia na tarehe ya kupakia kontena, hautathibitika.

Hatua ya nne: notisi ya thamani na pingamizi

Kuanzia Mei hivi unapokea notisi ya thamani waliyoandika. Ifungue siku hiyo hiyo. Mwisho wa kuweka pingamizi ni Mei 15 au siku 30 tangu notisi itumwe, ipi itakuja baadaye. Fomu ni 50-132, au unabofya mtandaoni. Kuweka pingamizi hakulipiwi.

Weka alama kwenye sababu zote zinazokuhusu: thamani imezidi bei ya soko, mali haipo, mali si yako, anwani si sahihi, msamaha haukutolewa. Usipoitaja sababu, unaweza kuzuiwa kuijadili baadaye.

Omba kwa maandishi ushahidi ambao wilaya itautumia. Wanatakiwa kukupa angalau siku 14 kabla ya kikao. Kesi nyingi za biashara ndogo humalizwa kwenye mazungumzo yasiyo rasmi na ofisa wa uthamini. Njoo na picha za Januari, orodha, risiti na bei za vifaa chakavu, na umwambie takwimu moja unayoidai. Anayekuja na malalamiko kwamba biashara ni ngumu huondoka kama alivyokuja, kwa sababu ofisa hathamini mapato yako.

Msipoelewana unakwenda mbele ya bodi ya mapitio ya uthamini, ambayo ni ya raia na si ya wafanyakazi wa wilaya. Unaweza kuhudhuria kwa simu au video ukiwaarifu kwa maandishi angalau siku 10 kabla. Kuna kipengele ambacho hakitajwi sana: kama hukurudisha tamko ulilopaswa kurudisha kabla ya kikao, mzigo wa kuthibitisha unakugeukia wewe badala ya wilaya. Kwa hiyo hata ukiwa umechelewa na adhabu ya asilimia 10 imeshakukamata, rudisha tamko kabla ya kikao.

Usiporidhika na bodi, una siku 60 tangu upokee uamuzi kwenda mahakama ya wilaya au, kwa mali isiyozidi dola milioni 5, usuluhishi. Ukienda mbele, lipa kodi isiyobishaniwa kabla haijawa deni lililopita muda, la sivyo unaweza kupoteza haki ya rufaa.

Hatua ya tano: bili

Bili hutoka kuanzia Oktoba. Kwa kawaida siku ya mwisho ni Januari 31. Kuanzia Februari 1 bili ya dola 1,210 inaongezwa asilimia 7 na kuwa 1,294.70. Machi ni asilimia 9, Aprili 11, Mei 13, Juni 15, na Julai 18. Kwa mali inayohamishika, ada ya wakili wa kukusanya deni, inayofika asilimia 20 ya jumla yote, inaweza kuongezwa mapema Aprili, wakati kwa nyumba husubiri Julai. Bili ile ile ya 1,210 ikifika Julai na ada hiyo juu ni dola 1,713.36.

Tofauti nyingine na kodi ya nyumba ni kasi ya ukamataji. Friza na malori huhamishika, kwa hiyo mkusanya kodi anaweza kuomba hati ya mahakama na kuyakamata bila mlolongo mrefu wa kesi. Ukiona huwezi kulipa, nenda dirishani kabla ya Februari na uombe mpango wa awamu. Baadhi ya ofisi hukubali mpaka miezi 36, na riba inaendelea kuhesabiwa.

Kununua, kuuza na kufunga

Anayemiliki mali Januari 1 ndiye anayedaiwa mwaka mzima. Ukifungua duka Januari 2, mwaka huo hudaiwi kwa duka hilo. Ukilifunga Januari 2, bili nzima bado ni yako. Anayepanga kufunga mwezi wa Desemba au Januari atazame kalenda kabla ya kuuza vifaa.

Anayenunua biashara ya mtu yuko hatarini zaidi. Kodi isiyolipwa inaifuata mali, na sheria inamtaka mnunuzi wa biashara au wa bidhaa zake azuie kwenye bei kiasi cha kutosha kulipa kodi inayodaiwa, mpaka muuzaji alete risiti au hati ya kodi. Ukimpa muuzaji pesa yote mkononi, unaweza kudaiwa wewe, mpaka kufikia bei uliyonunulia. Nenda kwa mkusanya kodi uombe hati ya kodi ya akaunti hiyo kabla ya kusaini. Ada yake haizidi dola 10.

Ukifunga au kuhama, waandikie wilaya ya uthamini tarehe na mali ilikokwenda: imeuzwa kwa nani, imehamia anwani gani, imetupwa lini. Kuzima umeme na kurudisha funguo kwa mwenye nyumba hakufungi akaunti ya kodi. Usipofanya hivyo watakuthaminia mali isiyokuwepo mwaka hadi mwaka, wakipandisha kisio.

Likishakukuta hilo, hujafungiwa kabisa. Bodi inaweza kurekebisha kumbukumbu za miaka mitano nyuma pale ambapo mali iliyoandikwa haikuwepo mahali hapo, au ilithaminiwa mara mbili. Na kama kosa ni la thamani tu, imezidi ile sahihi kwa zaidi ya theluthi moja, ombi la marekebisho linapokewa kabla ya Februari 1, hata ukiwa umekosa pingamizi la Mei. Ukishinda utalipa adhabu ya asilimia 10 ya kodi iliyosahihishwa. Ambatisha barua ya mwenye nyumba inayoonyesha mkataba uliisha lini, bili ya mwisho ya umeme, na risiti za kuuzia vifaa.